Jinsi ya kufungua tovuti yenye jina la .eth, .crypto na mengine ya blokcheini

Kijana mmoja anayepandisha watalii Mlima Kilimanjaro alinijia dukani jioni, viatu bado vina vumbi la Machame. Namfahamu tangu alipokuwa mgumu, yaani mpagazi, anabeba mizigo ya kilo 20. Sasa ni kiongozi kamili, ana kundi lake. "Shikamoo Mangi. Hebu niangalizie hii linki, inagoma." Mgeni wake kutoka Hispania, aliyefika naye kileleni, alikuwa amemtumia ujumbe wa WhatsApp kwamba picha zote za safari yao zipo kwenye tovuti yake. Jina la tovuti liliishia na .eth. Kijana ameliandika kwenye Chrome mara tatu, na mara zote tatu ameletewa orodha ya matangazo ya sarafu za mtandaoni. Bando linakatika, na ameshaanza kuamini kwamba mgeni kamdanganya.

Mgeni hakumdanganya, na simu haikuwa na ubovu wowote. Naandika mwongozo huu kwa sababu yeye ni wa nne kuniletea swali hilo hapa Mbuyuni, Moshi, na kwa sababu maelezo mengi unayoyakuta mtandaoni yanaanza kwa kukuambia ununue sarafu. Kusoma tovuti ya namna hii hakuhitaji sarafu hata ya shilingi moja. Hakuhitaji pochi ya kidijitali (programu ya kutunzia sarafu), wala kujisajili mahali. Ukikutana na mtu anayekudai chochote kati ya hivyo ili tu uone ukurasa, ondoka hapo.

Kinachogoma ni nini

Unapoandika anwani inayoishia na .co.tz au .com, simu yako inauliza mfumo wa DNS: jina hili lipo kwenye seva gani? DNS ni daftari la majina ya intaneti, limekuwepo tangu miaka ya 1980, na orodha ya miisho inayotambulika humo inaratibiwa na taasisi ya ICANN iliyoko Marekani. .tz imo. .com imo. .eth haimo, na si rahisi iingie, kwa sababu ETH ni kifupi cha kimataifa cha herufi tatu cha nchi ya Ethiopia, na vifupi vya namna hiyo vimewekwa kando visigawiwe mtu. Ethiopia yenyewe hutumia .et, lakini ETH haiguswi.

Majina ya .eth yameandikwa kwenye daftari jingine kabisa, lililomo ndani ya blokcheini ya Ethereum. Daftari hilo linaitwa ENS na lilifunguliwa Mei 2017. Blokcheini ni daftari ambalo nakala yake iko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, zote zikikubaliana kilichoandikwa. Hakuna ofisi moja inayoweza kuamka asubuhi na kulifuta jina lako. ENS si ya kwanza. Namecoin ilianza kutoa majina ya .bit mwaka 2011, na baadaye ikaja kampuni ya Unstoppable Domains na .crypto yao, halafu Handshake mwaka 2020. Chrome haina habari na daftari lolote kati ya hayo. Ikiona neno lenye nukta lakini mwisho wake haiujui, inadhani unatafuta kitu, inakupeleka Google.

Sasa shika jambo moja, maana mengine yote yanalitegemea. Blokcheini inatunza jina tu. Picha, maandishi na kurasa hazimo humo, kwa sababu kuandika data nyingi kwenye Ethereum ni gharama kubwa mno. Kilichomo ni jina, na pembeni yake kielekezo kinachosema "vitu vyangu viko kule". Mara nyingi kule ni IPFS, mtandao ambao mafaili hutunzwa na kompyuta za watu mbalimbali. Kwa hiyo kufungua tovuti ya .eth ni safari mbili: ya kwanza kutoka kwenye jina hadi kwenye kielekezo, ya pili kutoka kwenye kielekezo hadi kwenye ukurasa wenyewe. Ikigoma, swali la kwanza ni: imegomea safari ipi?

Hatua ya 1: soma mwisho wa jina

.eth ni ENS. .crypto, .nft, .x na .wallet ni Unstoppable Domains. .sol ni ya blokcheini ya Solana. .bit asili yake ni Namecoin. Ukikuta mwisho wa ajabu ambao haumo kabisa kwenye orodha hizi, neno lolote tu, huenda ni Handshake, kwa sababu kule watu wanasajili miisho yenyewe.

Muulize aliyekutumia kama huna uhakika, kwa sababu hakuna anayezuia daftari mbili kutumia mwisho uleule. Limeshatokea: Unstoppable Domains walikuwa wakiuza majina ya .coin, na mwaka 2022 wakaacha baada ya kubaini kwamba mradi wa Emercoin ulikuwa ukitumia .coin kabla yao.

Hatua ya 2: kwa .eth, ongeza .limo

Hii ndiyo njia ya haraka, na kwa wengi inatosha. Fanya mazoezi na jina linalojulikana: vitalik.eth, la Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, ambaye anachapisha makala zake hapo wazi kwa kila mtu.

Fungua kivinjari chochote, hata kile kilichokuja na simu. Kwenye sehemu ya anwani andika https://vitalik.eth.limo kisha bonyeza kwenda. Usiache nafasi katikati, na uandike https:// mwanzoni ili kivinjari kijue hii ni anwani na si neno la kutafuta. Ukurasa utafunguka kama ukurasa mwingine wowote.

Kilichotokea ni kwamba eth.limo ni geti. Lenyewe lina jina la kawaida la DNS, kwa hiyo Chrome inalifikia bila shida. Likishapokea ombi lako linakata .limo, linakwenda kusoma daftari la ENS, linachukua kielekezo, linafuata faili kwenye IPFS, linakuletea. Safari zote mbili limekufanyia lenyewe, bure.

Nilipomfanyia yule kijana hivyo, vitalik.eth ikafunguka vizuri. Nikaweka jina la mgeni wake. Skrini ikawa nyeupe, mduara ukazunguka karibu dakika nzima, halafu yakatokea maandishi meusi: 504 Gateway Timeout. Akaniangalia. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni habari nzuri." Nitaeleza kwa nini.

Namba 504 kwenye geti kama hili, mara nyingi maana yake ni kwamba jina limesomeka na kielekezo kipo, ila geti limekwenda kuulizia faili kwenye IPFS na hakuna kompyuta iliyojibu kwa wakati. Safari ya kwanza imefika. Ya pili ndiyo imekwama. Kama ingekuwa jina halina kielekezo kabisa, geti lisingehangaika dakika nzima, kwa sababu lisingekuwa na cha kufuata. Hilo nalo utalikuta sana: watu wengi wanamiliki jina la .eth kwa ajili ya kupokea malipo tu, hawajawahi kuliwekea tovuti. Jina lipo, nyumba haijajengwa.

Kuhusu mwenye geti

Simama hapa kidogo, maana watu wanaruka hapa na ndipo wanapoumia.

Unapopita geti la Machame, jina lako linaandikwa kitabuni kabla hujapiga hatua ya kwanza. Geti la intaneti nalo linaona umetokea wapi na umeomba ukurasa gani. Halafu ukurasa unaokuletea, unauamini kwa sababu unaliamini geti lenyewe. Geti lenye nia mbaya linaweza kukuletea ukurasa mwingine unaofanana na ule uliouomba, na juu pale kwenye anwani pataonekana salama kabisa, kufuli na kila kitu.

Tena geti ni jina la kawaida la DNS, linalolipiwa kila mwaka kama majina mengine. Kabla ya eth.limo kuzoeleka, wengi walitumia eth.link. Mwaka 2022 jina hilo nusura lipotee, kwa sababu mtu aliyekuwa na uwezo wa kulihuisha alikuwa gerezani Marekani, hadi mahakama ikaingilia kati. Maelfu ya majina yasiyofutika yalikuwa yakitegemea jina moja linalofutika. Ndiyo maana nakushauri ujifunze hatua ya 4 hata kama .limo inakufanyia kazi leo.

Na usitafute geti kwa Google. Mteja wangu mmoja alifanya hivyo: akaandika anataka kufungua .eth, akabonyeza tangazo la juu kabisa, akafika kwenye ukurasa msafi wenye kitufe cha "unganisha pochi uendelee". Kisha ukamwomba maneno yake 12 ya siri, yale yanayofungua pochi. Akayaandika yote. Alichokuwa amekiweka kwa miezi minane kiliondoka kabla hajamaliza soda aliyokuwa anakunywa, na hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga, kwa sababu kwenye blokcheini muamala ukishapita umepita. Maneno yale 12 haombwi mtu na tovuti yoyote, kwa sababu yoyote. Andika anwani ya geti kwa mkono wako, ihifadhi kwenye alamisho za kivinjari, uwe unatumia hiyohiyo.

Hatua ya 3: kwa .crypto na ndugu zake, badilisha kivinjari

.limo ni ya .eth tu. Kwa majina ya Unstoppable Domains unahitaji kivinjari kinachojua kusoma daftari lao. Brave ilianza kuweza mwaka 2021, na Opera vilevile. Vyote viwili ni bure na vipo Play Store.

Kwenye Brave, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu iliyoandikwa Web3. Humo kuna mistari ya Unstoppable Domains, ENS na Solana, na kila mmoja unaweza kuuruhusu, kuukataza, au kuiambia iwe inakuuliza kwanza. Mimi huacha iulize. Sababu ni kwamba kivinjari nacho hakina nakala ya blokcheini nzima tumboni. Kinamuuliza mtoa huduma fulani mwenye nodi, yaani kompyuta iliyounganishwa na mtandao huo na yenye nakala, na mtoa huduma huyo anaona jina ulilouliza. Ni heri ujue wakati gani hilo linatokea.

Ukishawasha, andika jina likifuatiwa na mkwaju: kwa mfano jinalake.crypto/ na siyo jinalake.crypto peke yake. Mkwaju ule mdogo mwishoni ndio unaokiambia kivinjari kwamba hii ni anwani. Nimeona watu wakifuta programu na kuipakua upya mara mbili, kumbe kilichokosekana ni mkwaju.

Kwa .eth sikushauri utegemee Brave. Zamani ilikuwa na nodi ya IPFS ndani yake, ikaondolewa mwaka 2024, kwa hiyo hata .crypto ambayo kielekezo chake ni cha IPFS inaweza kugoma humo. Baki na .limo au fanya mwenyewe kama ifuatavyo.

Hatua ya 4: fanya safari zote mbili kwa mkono

Hapa ndipo unapoacha kuwa mgeni. Ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, ila kwa simu inawezekana ukiwa na subira.

Fungua app.ens.domains, tovuti ya ENS yenyewe. Juu kuna sehemu ya kutafutia, andika vitalik.eth. Usiguse kitufe cha kuunganisha pochi, hukihitaji, unasoma tu. Ukurasa wa jina ukifunguka utaona mwenye jina, tarehe linapoisha muda, na sehemu iitwayo "Records". Iguse. Shuka chini hadi "Content Hash". Hicho ndicho kielekezo.

Mara nyingi kitaanza na ipfs:// au ipns://. Baada ya ipfs:// kuna mfululizo mrefu wa herufi na namba unaoanza na bafy au Qm. Huo unaitwa CID. Uangalie vizuri, kwa sababu ni kitu tofauti kabisa na anwani uliyoizoea. Anwani ya kawaida inasema kitu kiko wapi. CID inasema kitu ni nini. Imepatikana kwa kupiga hesabu juu ya faili lenyewe, ile inayoitwa hashi: faili lilelile, likiingizwa kwa mipangilio ileile, litatoa CID ileile, na ukibadilisha nukta moja ya rangi kwenye picha moja, CID nzima inakuwa nyingine. Kwa hiyo ukishaishika CID, haijalishi nani amekuletea faili. Unaweza kupima kama ndilo.

ipns:// ni tofauti kidogo. Hiyo ni anwani ambayo mwenyewe anaweza kuielekeza kwenye CID mpya kila anapobadilisha tovuti, bila kulipia muamala wa blokcheini kila mara. Ukiikuta, ifuate vilevile, ila kwenye anwani ya geti uandike /ipns/ badala ya /ipfs/, na ujue ukurasa wa kesho unaweza usiwe wa leo.

Kopi CID yote. Usiandike kwa mkono: ya Qm ina herufi 46, kubwa na ndogo zikiwa na maana tofauti, na ya bafy ina 59. Yule kijana alitaka kuiandika kwenye karatasi aende nayo nyumbani. Nikamzuia, nikamtumia WhatsApp.

Sasa safari ya pili. Kwenye sehemu ya anwani andika https://ipfs.io/ipfs/ kisha pesti CID mwishoni. Ikikaa sana, jaribu https://dweb.link/ipfs/ na CID ileile. Haya ni mageti ya umma ya IPFS, na faida ya kuwa na CID mkononi ni kwamba moja likifungwa unakwenda jingine, hulazimiki kubembeleza. Yupo pia inbrowser.link, ambaye ninampenda zaidi: unaandika https://inbrowser.link/ipfs/ na CID, na kazi ya kuhakiki hashi inafanyika ndani ya kivinjari chako, si kwenye seva ya mtu. Mara ya kwanza inachukua muda kuanza, usikate tamaa.

Kwa mgeni wa yule kijana, "Content Hash" ilikuwepo, imeandikwa vizuri, inaanza na bafy. Mageti yote matatu yakagoma. Hapo nikawa na uhakika: daftari liko sawa, jina halijaisha muda, kielekezo kipo. Ni kompyuta iliyoshika picha ndiyo haipo hewani.

Nikamwambia amuulize mgeni maswali mawili kwa WhatsApp: picha umezipin kwenye huduma gani, na kompyuta yako imewashwa? Kupin ni kuiambia nodi ya IPFS ishike faili fulani isilifute. Huu ndio ukweli ambao matangazo hayasemi: IPFS haihifadhi kitu milele yenyewe. Faili linakuwepo kadiri kuna angalau kompyuta moja duniani iliyoamua kulishika na ambayo imewashwa. Jibu likarudi saa mbili usiku. Mgeni alikuwa amezipin kwenye laptopu yake tu, na laptopu ilikuwa imefungwa mezani nyumbani, yeye yuko kazini.

Ikigoma na wewe

Kabla hujamlaumu mtu, pita hapa. Jina halionekani kabisa kwenye ENS: umekosea herufi, au limekwisha muda. Majina ya .eth hulipiwa kwa mwaka. La herufi tano na kuendelea ni dola 5, na likiisha mwenyewe ana siku 90 za kulihuisha kabla halijarudi sokoni. Ukiona tarehe imepita, kuwa mwangalifu sana, kwa sababu baada ya hapo mtu mwingine anaweza kulinunua na kuweka chochote.

Jina lipo, "Content Hash" haipo: hakuna tovuti, ni jina la malipo. Kielekezo kipo, mageti yote yanazunguka tu: faili halina aliyelishika. Geti moja linagoma na jingine linafungua: tatizo ni geti.

Na kuna kosa linalofanana na yote hayo ambalo si la blokcheini hata kidogo: saa ya simu kuwa imekosewa. Simu ambayo betri iliisha kabisa ikawashwa na tarehe ya miaka iliyopita itakataa kufuli la tovuti yoyote ya https. Angalia tarehe kwanza. Ni sekunde tano.

Njia ya simu nzima, kwa kifupi

Ukiwa na Android 9 au zaidi, kwenye mipangilio ya mtandao kuna "Private DNS". NextDNS ni huduma ya DNS ambayo, ukijiandikisha, ina swichi ya Web3 inayosoma ENS, Unstoppable Domains na Handshake. Ya bure inatosha maswali 300,000 kwa mwezi. Unaweka jina la seva wanayokupa, unahifadhi, basi. Inafaa hasa kwa Handshake, ambayo vivinjari vingi haviisomi. Lakini tarajia onyo la usalama kwenye majina hayo, kwa sababu taasisi zinazotoa vyeti vya https hazitoi kwa jina lisilokuwemo kwenye orodha ya ICANN. Ukiona onyo, soma kama unasoma, ila usiandike nywila wala namba yako hapo. Na ukumbuke maswali yote ya simu yako, hata ya tovuti za kawaida, sasa yanapita kwa mtu mmoja.

Hii ni kubadilisha DNS tu, si VPN. Nasema hivyo kwa sababu mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN wajisajili, na tangu hapo kila mtu anauliza. Upande wa sarafu, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba si fedha halali nchini. Kusoma ukurasa si kununua sarafu.

Kuhusu MetaMask, pochi ya sarafu inayokaa ndani ya kivinjari: ukiwa tayari unayo kwenye kompyuta, inaweza kufungua .eth ukiiandika na mkwaju mwishoni. Ukiwa huna, usiiweke kwa ajili hiyo. Pochi ni ya kutunzia pesa, na kila tovuti utakayofungua inaweza kujua unayo.

Hatua ya 5: nodi yako mwenyewe

Hii ni kwa mwenye kompyuta na intaneti isiyopimwa. Pakua IPFS Desktop, isakinishe, iwashe. Subiri iseme imeunganishwa na wenzake. Kisha kwenye kivinjari andika http://localhost:8080/ipfs/ na CID. Hapo geti ni wewe mwenyewe: kompyuta yako inatafuta faili kwa wenye nalo, inapiga hesabu ya hashi upya kwa kila kipande, na kisicholingana inakitupa. Hakuna wa katikati wa kumwamini.

Onyo la bando, tafadhali lichukulie kwa uzito. Nodi inaongea na nodi nyingine muda wote, hata wewe ukiwa umelala. Mara ya kwanza niliijaribu kwa hotspot ya simu, na GB 1 ikaisha sijafungua ukurasa wa maana. Kubonyeza alama ya kufunga dirisha hakuizimi. Inabaki inafanya kazi chini kwenye kona, karibu na saa. Bonyeza ile alama yake ndogo, chagua "Quit".

Kesho yake asubuhi, kabla ya duka kuchangamka, kijana alirudi. Mgeni alikuwa ameiwasha laptopu usiku na kuiacha hivyo. Nikaweka jina lile kwenye .limo, likazunguka sekunde kama 20, picha ya kwanza ikaanza kushuka kutoka juu kidogokidogo: mawingu, kisha kofia, kisha yeye mwenyewe amesimama pembeni ya ubao wa Uhuru na wenzake watano. Akavuta kiti.

Alichotaka sasa ni zisipotee tena laptopu ile ikifungwa. Kwa hilo, fungua IPFS Desktop, ingia "Files", bonyeza "Import", chagua "From IPFS", pesti CID, lipe folda jina. Likishaingia, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua "Set pinning", weka alama kwenye nodi yako. Usifunge kompyuta hadi upakuaji uishe. Hizi zilikuwa picha 214, karibu MB 600, na zilichukua muda wa kunywa chai mbili. Halafu zipakue kutoka humo humo kwenye "Files" kwenda kwenye flashi, kwa ajili ya kuangalia bila mtandao kabisa.

Flashi ameondoka nayo. Nakala iliyopinwa bado ipo kwenye kompyuta ya dukani, na CID ni ileile ya mgeni, kwa hiyo jina lile la .eth likiulizwa mchana, saa ambazo laptopu ya Hispania imefungwa, mwenye kujibu ni mashine iliyoko Mbuyuni.